Tusifunge mlango aliouacha wazi Nana Asma'u

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufundisha kuwa kutafuta elimu ni faradhi.

Ndugu Waislamu, tunapowataja wanawake wenye elimu, aghalabu tunaishia kwa Bibi Aisha (R.A.), kana kwamba baada yake mlango ulifungwa. Leo tumtazame Nana Asma'u wa Sokoto, katika nchi ambayo sasa ni kaskazini mwa Nigeria. Alizaliwa mwaka 1793, akafariki mwaka 1864.

Baba yake, Sheikh Uthman dan Fodio, aliwakemea waziwazi wanazuoni waliowasomesha wageni huku wake na mabinti zao wakiachwa katika ujinga. Naye alianzia nyumbani kwake. Asma'u alibobea katika elimu ya dini, akatunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Hata hivyo, usomi wake haukuishia kwake. Vijijini walikuwapo wanawake wengi ambao hawakupata wa kuwafundisha dini, wala hawakuweza kuacha watoto na mashamba waende darasani. Asma'u akawateua wanawake wa makamo, wakiitwa jaji, waongoze makundi ya wanawake kutoka vijijini hadi kwake. Kila jaji alivishwa kofia pana ya majani yaliyosukwa, yenye kitambaa chekundu, iwe alama ya madaraka yake. Walihifadhi mashairi aliyowatungia, kisha wakarudi kuwafundisha waliobaki majumbani. Wanawake hao waliitwa Yan Taru.

Sasa tujiulize: sisi tunafanya nini? Binti akikhitimu juzuu chache, tunamwambia yatosha, asubiri posa. Matokeo yake, mwanamke mwenye suala la hedhi au nifasi huona haya kumuuliza sheikh, na mwalimu wa kike hampati; basi hubahatisha sala na funga yake. Dhima hiyo ni ya nani? Sisi masheikh hatuwezi kujitoa lawamani.

Tunapendekeza kila msikiti uchague mabinti wawili na kuwagharimia masomo hadi wawe walimu kamili, kisha uwape darasa la kusomesha. Msikiti unaomudu kununua mazulia mapya haushindwi na hilo.

Wabillahi tawfiq.