Banda la Kuku na Baridi ya Kusi



Wapenzi wasomaji, kaskazi imekwisha kutuaga na mawingu ya masika yanajikusanya upande wa bahari. Punde kusi itashika, mvua itanyesha hata kuta zitoe jasho, kisha kitufikie kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo hata kijana hutafuta shuka ya pili. Akina mama wafugao kuku uani hutuuliza kila mwaka: tuwafanyie nini viumbe hawa wakati wa baridi? Leo tutajibu, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Mwaka juzi, katika siku za mvua kubwa, tuliwaona kuku wa ahali yetu asubuhi wamejikunyata, manyoya yamewasimama. Huruma ikatushika. Tukatwaa turubai, magunia na misumari, tukaliziba banda pande zote nne, hata ule uwazi ulio chini ya makuti. Ahali yetu, ambaye amefuga kuku tangu alipokuwa kigoli kwao Kwale, alitwambia: "Baba watoto, kuku haogopi baridi kama anavyoogopa unyevu. Waachie pumzi." Sisi tukamjibu kwa maneno ya mtu ajionaye amesoma. Hazikutimia wiki tatu, kuku 9 kati ya 14 walikuwa wamekufa, wakikoroma na kutokwa na kamasi. Tulipoingia bandani, harufu ya kinyesi ilituchoma macho, na turubai kwa ndani lilikuwa likidondosha maji. Hatukuwaua kwa ukatili. Tuliwaua kwa huruma isiyo na ujuzi.

Tulipouliza kwa wajuzi, tulifahamishwa yale ambayo ahali yetu aliyajua siku nyingi. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, nalo lapita letu, na Mwenyezi Mungu amemvika manyoya yanayolihifadhi. Usiku wa Julai hapa Mombasa kwa kawaida hukaribia nyuzi 20 tu. Hiyo si baridi ya kumuua kuku mzima aliye mkavu. Hata katika nchi za theluji, wafugaji wazoefu huacha tundu wazi juu ya banda majira yote ya baridi. Sababu ni kwamba kila kuku hutoa mvuke anapopumua, na kinyesi chake kina maji mengi. Banda likizibwa, maji hayo hayana pa kwenda. Matandiko huoza na kutoa hewa kali ichomayo macho na koo, na mafua huingia kwa wepesi.

Basi kabla masika hayajashika, tuyatazame mambo haya.

Kwanza ni paa. Makuti yaliyochakaa yabadilishwe sasa, na ukingo wa paa utokeze mbele ya ukuta, ili maji yasirudi ndani. 

Pili ni sakafu. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, futi 2 au zaidi kutoka ardhini, halifikiwi na maji ya uani. Ndani tandika maranda ya seremala au kumvi za mpunga, unene wa vidole vinne, na kila palipolowa paondolewe siku hiyo hiyo. Tia mkono katika matandiko ukayafinye: yakishikamana kama unga wa kukanda, yamekwisha kazi. Hapo ndipo kuhara damu kunakowamaliza vifaranga hupata nguvu.

Tatu ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Upande huo ndio uzibwe, kuanzia chini hadi juu kidogo ya vichwa vya kuku walalapo. Mlango uelekee upande mwingine. Lakini ule uwazi wa chini ya paa usizibwe hata kidogo. Kuku wapate hewa juu yao, wasipigwe na upepo ubavuni. Waekewe pia fito za kulalia, wasilale juu ya unyevu.

Nne ni maadui wa majira. Siafu hupanda mabandani usiku wa mvua. Miguu ya banda isimamishwe katika makopo yenye oili chafu. Mbu hueneza ndui ya kuku, hivyo vifuu na makopo yaliyojaa maji yamwagwe. Ama kideri, kinga yake ni chanjo, nayo hupewa kuku akiwa mzima, kwani haimponyi aliyekwisha kuugua. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hivyo majirani washirikiane, wamuulize afisa wa mifugo.

Tano ni chakula. Mwili hula zaidi ili upate joto, basi konzi ya mahindi jioni, kabla hawajapanda kulala, huwasaidia usiku kucha. Machicha ya nazi yaliyochacha wasipewe.

Vifaranga wana hukumu yao. Wao hawajaota manyoya, na katika wiki za mwanzo wahitaji joto la mama yao au la taa. Hapa tunawausia wazazi kwa mkazo: jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala vifaranga na jiko wasiingizwe chumba walalamo watoto. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Wengine husema kuku wao hukoma kutaga Julai kwa ajili ya baridi. Ulaya kuku hupunguza mayai majira yao ya baridi kwa sababu mchana wao hufupika sana. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki ila kidogo. Mayai yakikoma, chunguza unyevu, minyoo, chakula, au kama kuku anabadilisha manyoya.

Mtume wetu (s.a.w.) alitueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mnyama aliyefungiwa hawezi kujiokoa; mambo yake yote yamo mikononi mwa aliyefunga mlango. Nasi tulikuwa tumefunga mlango, na madirisha pia.

Limebaki moja, nalo ni la waume. Kuku wale hawakuwa wetu. Walikuwa mali ya ahali yetu, na mayai yake ndiyo yaliyolipa ada ya chuo ya mwana wetu mdogo. Fiqhi tunayoisomesha yasema kwamba mali ya mke ni ya mke, na aharibuye mali ya mwenziwe hulipa, hata kama alikosea bila kukusudia. Ilitupasa kuyatenda tuyasomeshayo. Tulimtaka radhi mbele ya watoto, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomjibu, kisha tukamnunulia mitetea 9. Alitusamehe, ila alitoa sharti kwamba turubai litundikwe kwa amri yake. Limetundikwa hivyo misimu miwili, na hatujazika kuku.

Basi enyi waume, kabla hamjashika nyundo, muulizeni mwenye kuku.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye ujuzi, na aibariki mvua hii kwetu na kwa viumbe wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.