Kodi ya Ploti na Kodi ya Dansi

Leo naweka msimbo kando kidogo. Waliozoea kusoma hapa habari za hifadhidata na programu za simu wanivumilie, maana hata haya ya leo yatafika kwenye jedwali, kama kawaida yangu.

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 209, sehemu ya tatu. Hapo utakuta kodi ambazo serikali ya kaunti inaruhusiwa kutoza. Zilizotajwa kwa jina ni mbili tu: kodi ya mali kama ploti na nyumba, na kodi ya burudani. Nyingine yoyote lazima kwanza iidhinishwe na sheria ya Bunge. (Ada za huduma, kama maegesho na soko, ni jambo jingine, zina sehemu yake papo hapo.) Kwa hiyo waliotuandikia Katiba waliangalia kila kitu ambacho Mkenya anacho na anachofanya, wakaipa kaunti ardhi na raha!

Mimi niko pande zote mbili. Nina nyumba ndogo Migori mjini, na kila Jumamosi napanda matatu, Awendo, Rongo, halafu tunakata kushoto kupitia Rodi Kopany mpaka Homa Bay, kujifunza dansi. Rumba na salsa, wawili wawili. Usicheke. Mtu anayekaa mbele ya skrini saa kumi kwa siku anahitaji kukumbushwa kwamba ana miguu.

Msimamo wangu ni huu: kaunti ishughulikie ploti vizuri, kisha iache dansi kabisa. Hata shilingi moja isichukue huko.

Nianze na darasa lenyewe, kwa hesabu ya mfano. Wanafunzi 15, kila mmoja shilingi 200. Hizo ni 3,000. Toa 1,000 za ukumbi, toa 500 za spika na bodaboda iliyoileta. Mwalimu na msaidizi wake wanagawana 1,500 kwa kazi ya jioni nzima, na bado leseni ya biashara haijaguswa. Sasa aje karani aseme hii ni burudani. Kweli ni burudani? Sheria ya zamani ya Kodi ya Burudani, Sura ya 479, ililenga malipo ya kiingilio, yaani mtu analipa mlangoni ili aingie kutazama au kustarehe. Mimi silipi kutazama. Nalipa kufundishwa, na jasho ni langu. Hakuna anayemtoza mwalimu wa kompyuta kodi ya burudani eti kwa sababu wanafunzi wake wanacheka.

Lakini hata tukikubali kwamba ni burudani, kodi hiyo haina akili. Dansi ina miguu, inahama. Ukibana ukumbi wa mjini, Jumamosi ijayo watu wako kwenye boma la mtu, spika chini ya mwembe, na kaunti imekosa kodi na hata ile ada ya ukumbi. Hili si jambo geni kwetu. D.O. Misiani, yule wa Shirati Jazz aliyefariki 2006, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, na jina lake likakulia upande huu wa Kenya. Benga haikuwahi kuuliza mpaka uko wapi.

Ploti haihami. Nusu ekari ya katikati ya mji huwezi kuibeba usiku ukaipeleka Kisii. Tena kwa desturi ya Kenya kodi hii imekuwa ikipimwa zaidi kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo. Maana yake mwenye kujenga maduka na mwenye kufuga magugu, wakiwa jirani na ploti zao zikiwa sawa, wanalipa sawa. Naipenda sana hiyo. Anayejenga haadhibiwi, na anayekalia ardhi akisubiri bei ipande analipia kusubiri kwake.

Analipia, yaani, kama daftari la thamani ni jipya. Hapa ndipo jedwali linapoingia.

Daftari hilo kwangu mimi ni hifadhidata ya kawaida tu: namba ya ploti, mwenyewe, ukubwa, thamani. Sheria ya zamani ilitaka daftari jipya angalau kila miaka 10, ila ikaacha mlango wa kuongeza muda, na mlango huo ukapitwa kweli kweli. Nairobi ilitumia daftari la 1980 kwa karibu miaka 40. Fikiria programu inayotoza watu bei za 1980! Mwishoni mwa 2024 tukapata Sheria ya Kitaifa ya kodi hii ya mali, ambayo imefupisha muda huo hadi miaka mitano. Ni hatua nzuri, lakini sheria haisafishi data.

Na data yetu ni chafu. Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, hadi mapema miaka ya 1990, makao makuu yakiwa Homa Bay. Baadaye wilaya, halafu mabaraza ya miji, halafu kaunti mwaka 2013. Yeyote aliyewahi kuhamisha rekodi kutoka mfumo hadi mfumo anajua kinachopotea njiani. Juu ya hayo, ardhi nyingi huku kwetu bado imeandikwa jina la babu aliyekwishalala. Watoto hawajaenda mahakamani kurithi, wajukuu wamejenga, na ilani ya kodi inaandikwa kwa marehemu. Utamtumia ujumbe wa simu kwa namba ipi?

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia dawa ni programu mpya ya malipo. Kulipa si tatizo tangu M-Pesa ilipoanza 2007. Mama wa sokoni analipa kwa simu huku akipima omena. Kinachokosekana ni kujua nani analipa nini, na kazi hiyo ni ya kutembea na kalamu, kugonga mlango kwa mlango, kuuliza wazee. Mimi ningetoa bajeti ya programu nzima niajiri vijana wa kutembea.

Jambo jingine linaloniudhi ni msamaha wa riba. Kaunti kadhaa, Nairobi ikiwemo, zimekuwa zikiwatangazia wadaiwa kwamba wakilipa deni la msingi, riba itafutwa. Aliyelipa kwa wakati anabaki kujiona mjinga. Ukirudia hivyo mara tatu, kila mtu anajifunza kungoja tangazo.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: mama mjane ana ploti mjini, thamani imepanda, mfukoni hana kitu. Utamfukuza? Hapana. Deni lake liandikwe kwenye ploti, lingoje hadi itakapouzwa au kurithiwa, bila riba. Kwenye hifadhidata hiyo ni safu moja ya ziada. Ugumu wake ni wa kisiasa, kwa sababu kuna mabwana wenye ploti kumi watakaotaka kuhesabiwa wajane.

Na kodi hiyo ikipatikana? Taa za barabarani kwanza. Darasa linaloisha saa mbili usiku linahitaji njia yenye mwanga ya kurudi nyumbani, na wanaolihitaji zaidi ni akina dada, ambao ndio wengi darasani popote pale nilipowahi kucheza. Halafu kumbi za kijamii zenye sakafu isiyong'oa kisigino. Ploti zilizo karibu na ukumbi na taa zitapanda thamani, na mwenye ploti hatakuwa na sababu ya kununa.

Kila mwaka kaunti huleta Mswada wa Fedha, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla haujapitishwa. Ukienda, usipoteze muda na hotuba. Fungua majedwali ya nyuma, tafuta neno burudani, uone kama mafunzo ya dansi yamechanganywa humo na disko, na uombe yatolewe. Kisha uliza daftari la thamani la mji wako ni la mwaka gani. Ukipata jibu la swali hilo la pili, niandikie. Nakusanya miaka hiyo, mji kwa mji, na nitaichapisha hapa.