Akiba Tunaweka, Kipimo Kinaila





Siku hizi kila nikifungua redio nakuta mtaalamu anatufundisha kubana matumizi: andika orodha kabla ya kwenda sokoni, nunua kwa jumla, acha vitu vya anasa. Sina ugomvi naye. Ila ajue kwamba sisi wanawake wa Bwiza, hapa Bujumbura, masomo hayo tulishayamaliza. Maharage tunayaloweka tangu jioni ili yaive kwa makaa machache. Nyama imebaki ya Idi na ya harusi. Ndagala, waliokuwa mboga ya wanyonge, sasa tunawahesabu kwenye sahani, hawa wa baba, hawa wa watoto. Sombe tunapika bila karanga. Palipobaki pa kukata ni tumbo lenyewe.

Hiyo “kununua kwa jumla” anaambiwa nani? Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Unga robo, mawese kikombe, makaa fungu moja la kupikia usiku. Na robo nne ukizijumlisha bei yake inapita ya kilo. Ndiyo maana mwenye gari hulipia kilo ya mchele pesa ndogo kuliko dobi wake, kwa kuwa yeye amebeba gunia. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi za hapa mjini kiliwekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku, kikadumu hivyo zaidi ya miaka thelathini. Mtaalamu aje anionyeshe Bwiza nzima kitu cha kupika kinachouzwa faranga 160.

Ili nasi tununue kwa jumla, tulijaribu likelemba. Majirani tukawa tunachanga kila wiki, tukinunua gunia tunagawana uani. Ilitufaa sana, mpaka faranga yenyewe ilipoanza kuyeyuka. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilishusha thamani yake: dola ikatoka kama faranga 2,090 ikapita 2,800, na kwa wabadilishaji wa pembeni ilikuwa imeshavuka hapo zamani. Juni ile ile noti za zamani za 5,000 na 10,000 zikaondolewa, tukapewa siku kumi tuzirudishe. Bibi aliyekuwa na vijisenti vyake chini ya godoro alijua siku hiyo kwamba godoro si benki. Tangu hapo mchango ukifika bei ya gunia, gunia limeshapanda. Sasa hatuweki pesa, tunaweka maharage: tunayanunua Juni na Julai mavuno yanaposhuka kutoka milimani, tunayachanganya na majivu yasiingie wadudu. Ushauri huo nawapa watu wa redio bure.

Hayo ya dola yananizidi kimo. Langu liko chini, kwenye kaunta.

Kuna duka ninaponunua unga, silitaji. Kopo lake la kupimia limegongwa kitako mpaka kimeingia ndani kama kiganja cha mtu anayeomba. Muuzaji anachota, unga unafurika, anaupangusa kwa kidole taratibu kabisa, nawe unaona limejaa. Mizani nayo sindano haisimami kwenye sifuri. Kabla hujawekewa chochote, imeshakupimia hewa. Ukiuliza unajibiwa, “Ni ya zamani hiyo, mama, ndivyo ilivyo.” Nilipeleka kilo ya maharage kwa jirani mwenye mizani nzima, ikapungua gao zima. Nikarudi kudai. Nikaambiwa kama sitaki niache, wanaotaka wako wengi.

Najua mwenye duka naye ana kilio chake. Petroli haipatikani, lori linalotoka mpakani Kobero linachelewa, na gharama ya njiani anaitoa yeye kwanza. Basi apandishe bei mchana kweupe, aandike ukutani, tujue. Bei ikipanda nitapunguza kipimo mwenyewe, nitabadilisha mchele kwa muhogo, nitapanga. Lakini kilo ikiwa si kilo, hiyo orodha niliyoambiwa niandike naiandikia nini? Sukari ya kiwanda cha Moso nayo mambo ni yale yale: bei rasmi ipo, sukari haipo, na ukizunguka mlango wa nyuma sukari ipo kwa bei isiyoandikwa popote.

Mnunuzi wa kidogo kidogo ndiye anayeumia zaidi, maana anapimiwa mara nyingi zaidi. Anayenunua gunia anaibiwa mara moja, kama anaibiwa. Sisi tunapunjwa asubuhi kwenye unga, jioni kwenye mafuta.

Nafahamu ukaguzi si kazi nyepesi. Tangu soko kuu lilipoungua Januari 2013, biashara ilisambaa: Jabe, Ruvumera, Siyoni, mpaka vibarazani kwa watu. Hata hivyo kazi ya kuhakiki vipimo ina wenyewe. Ni Ofisi ya Viwango ya Burundi, BBN, pamoja na wizara ya biashara. Nawaomba jambo moja dogo: wekeni mizani ya umma kwenye mlango wa soko la Jabe, mtu apime alichonunua bila kulipa, na akikuta kimepungua awe na pa kusemea hapo hapo. Makopo yasiyo na muhuri yatoke kaunta. Haihitaji mkopo wa nje wala semina hotelini.

Na wewe mama unayesoma barua hii, kesho ukifika dukani tazama sindano kabla unga haujamwagwa. Ikiwa haiko kwenye sifuri, sema kwa sauti, wenzako waliopanga foleni wasikie.

Wako,
Msomaji, Bwiza, Bujumbura