Masisi na Walikale: tusiogope dadu darasani, tuogope mtoto anayeimba namba bila kuzielewa

Katika shule nyingi za msingi huku kwetu, ukipita karibu na darasa la mwaka wa kwanza utasikia watoto wakiimba: un, deux, trois, mpaka kumi, mpaka ishirini. Sauti ni nzuri na mzazi anayepita njiani anafurahi. Lakini mwite mtoto mmoja, mwekee maharagwe saba juu ya meza, kisha umuulize ngapi zinabaki ukiondoa tatu. Wengi watakutazama tu. Wamejifunza wimbo, namba bado hawajazijua.

Mtoto huyohuyo, mama yake akimtuma sokoni Sake au Mubi na noti ya 1000, anarudisha chenji bila kukosea hata franka moja. Akili anayo. Kinachokosekana ni daraja kati ya sokoni na ubaoni. Maoni yangu ni haya: dadu, ile wengi wetu tunaiita «dé» kwa Kifaransa, inaweza kuwa daraja hilo, na haihitaji bajeti ya serikali wala mradi wa kutoka Kinshasa.

Ndugu msomaji, tutazame hali yetu ilivyo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za umma yanatolewa bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Watoto waliingia kwa wingi, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Kisha vita. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi. Familia zilikimbia, shule zilifungwa, na nyingine ziligeuka makao ya wakimbizi. Mtoto aliyekuwa aanze mwaka wa kwanza akiwa na miaka sita, leo unamkuta na miaka tisa katika darasa hilohilo, pamoja na wadogo zake. Huyo hana muda wa kuimba namba mwaka mzima. Anahitaji kuzishika haraka.

Dadu inafanyaje kazi? Ina nyuso sita, zenye alama kutoka 1 mpaka 6. Mtoto akiitupa mara nyingi, anafika mahali anaona alama tano na kujua ni tano bila kuhesabu moja moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya hesabu, na wimbo hauifundishi. Kisha mwalimu anampa dadu mbili. Nne na tatu zimetokea: anachukua maharagwe manne, anachukua matatu, anayaweka pamoja, anaandika 4 + 3 = 7. Siku nyingine anaanza na maharagwe 20, na kila anapotupa anaondoa idadi iliyotokea mpaka yaishe. Hapo amejifunza kutoa.

Mwaka wa pili, dadu mbili zinafundisha makumi na mamoja. Zimetokea 3 na 5: je, tutaandika 35 au 53? Ipi ni kubwa, na kwa nini? Walimu wanajua jinsi somo hilo linavyowasumbua watoto ubaoni. Hapa wanabishana wenyewe, na ubishi huo ndio somo.

Kuna pia siri moja ambayo watoto wanaipenda sana. Nyuso mbili zinazopingana katika dadu daima zinafanya 7. Ukiona 2 juu, chini kuna 5. Mwulize mtoto: «Uso uliojificha ni ngapi?» Atajibu, atageuza, atahakikisha mwenyewe. Hasubiri mwalimu mwenye wanafunzi sitini amfikie kumwambia kama amepata.

Kuna faida nyingine inayotuhusu sana sisi wa huku. Katika darasa moja la Masisi unakuta mtoto wa Kihunde, wa Kinyarwanda na wa Kitembo. Walikale kuna Kinyanga na Kikumu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa na lugha za mazingira, lakini vitabu vichache tulivyo navyo mara nyingi ni vya Kifaransa. Alama za dadu hazina kabila wala lugha. Mtoto anaelewa kwanza wingi, kisha anapewa jina lake kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Na watoto ambao wazazi wao hawasalimiani wanakaa duara moja, kila mmoja akingoja zamu yake.

Wengine watasema huu ni mchezo wa kizungu. Hapana. Wazee wetu walihesabu kwa mbegu katika mashimo ya igisoro kabla shule hazijafika. Na pale Ishango, humu humu Kivu Kaskazini, mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake, lakini wengi wanaona humo kazi ya mtu aliyekuwa akihesabu. Leo mfupa huo uko Bruxelles. Hesabu ya kushika mkononi si ngeni katika nchi hii.

Na wataalamu wa leo wameijaribu njia ya mchezo. Mwaka 2008, huko Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani walitoa matokeo ya jaribio na watoto wadogo wa familia maskini. Watoto walicheza mchezo wa kusogea juu ya mstari wa namba 1 mpaka 10, mara nne tu, dakika 15 kila mara, ndani ya wiki mbili. Walionyesha maendeleo ya wazi katika kuelewa namba. Wenzao waliocheza mchezo huohuo kwa rangi badala ya namba hawakuendelea hivyo. Wao walitumia kishale cha kuzungusha, si dadu, lakini njia ni ileile: bahati inatoa namba, mtoto anaifanyia kazi.

Sasa pingamizi kubwa, ambalo silidharau: «Dadu ni kamari.» Wazazi na wachungaji wanaosema hivyo wameona vijana wa machimbo wakipoteza malipo ya wiki kwa usiku mmoja. Wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo shule iweke sheria tatu. Hakuna pesa wala kitu cha kuwekeana. Maharagwe yote yanarudi kwa mwalimu. Na kila mtupo unaandikwa katika daftari, kwa sababu mchezo usioandikwa unabaki mchezo tu. Tena mtoto aliyejifunza kuwa dadu haina huruma wala kumbukumbu atakuwa mgumu kudanganywa na mcheza kamari kesho.

Kuhusu vifaa: darasa la watoto 60 katika makundi ya watano linahitaji dadu 24. Vipande vya mbao vinavyobaki kwa seremala vinatosha. Vikatwe sawasawa, vilainishwe, alama zichomwe kwa msumari wa moto. Wanafunzi wa mwaka wa sita wanaweza kuzikagua: watupe kila moja mara 60 na kuandika. Kila uso ungetokea karibu mara kumi. Ukiona mmoja umetokea mara 25, dadu hiyo imepinda, irudishwe kwa seremala.

Dadu haitamlipa mwalimu ambaye hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara. Haitanyamazisha silaha wala kurudisha mabati yaliyoibwa. Madai hayo tutaendelea kuyapigia kelele. Lakini tusimwambie mtoto asubiri amani ndipo ajue kwamba saba ni nne na tatu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule wajaribu katika darasa moja tu, robo saa kwa siku, kwa mwezi mmoja. Mainspekta wasimwandikie vibaya mwalimu kwa sababu darasa lake lina kelele, waangalie kwanza madaftari. Kamati za wazazi zizungumze na seremala wa kijiji. Na mashirika yanayoleta madaftari na kalamu kwa watoto waliokimbia vita waongeze dadu mbili kwa kila mtoto. Mzigo huo hautajaza hata gunia moja.