Ukimwona kobe kainama... Lakini sheria ya kumfuga yeye mwenyewe tunaijua?

Wadau, msemo huu uko hadi kwenye khanga na migongoni mwa daladala: ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Tunacheka, tunapita. Lakini sheria inayomhusu kobe mwenyewe wengi wetu hatujawahi kuifungua hata ukurasa mmoja, na matokeo yake si ya kuchekesha.

Tuanzie uani. Kobe kaokotwa shambani au barabarani baada ya mvua, kaletwa nyumbani, watoto wanampa mchicha na maganda ya tikiti. Wapo wanaosema analeta baraka, wapo wanaosema anafukuza nyoka. Miaka inapita, kobe ni mwanafamilia. Ukimuuliza mwenye nyumba kama ana kibali atakushangaa: kibali cha nini tena, kwani nimefuga simba?

Kwa Tanzania Bara jibu liko kwenye Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema wanyamapori ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba yetu. Haisemi mali ya aliyeokota. Halafu kuna lile neno tunalolisikia kila siku kwenye habari za mahakamani, "nyara za serikali". Wengi tunadhani nyara ni pembe za ndovu na ngozi ya chui tu. Hapana. Kwa tafsiri ya sheria, mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa, ni nyara. Kukutwa naye bila kibali kunaangukia kifungu cha 86, na kutegemea mnyama yuko jedwali gani na thamani yake, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30. Juu ya hapo, makosa ya nyara huingizwa kwenye uhujumu uchumi, ambako hata dhamana si mchezo.

Majirani zetu Kenya nao hawana utani. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inataka kibali cha KWS kwa anayeweka mnyamapori. Kukutwa na nyara bila kibali kule, faini inaanzia shilingi milioni moja za Kenya au jela isiyopungua miaka mitano. Yule kobe mashuhuri Mzee wa Haller Park, Mombasa, aliyefanywa rafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, alikuwa kwenye hifadhi inayotambulika, si uani kwa mtu.

Zanzibar ina sheria yake yenyewe, kwa sababu maliasili si jambo la Muungano, na historia yake inafundisha. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu walianza na wanne waliotoka Seychelles kama zawadi mwaka 1919. Kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Wezi wakaingia, wengine wakitafuta kitoweo, wengine wakiwauza nje kama wanyama wa kufugwa. Mwaka 1996 walibaki 7. Wakaletwa watoto 80 kuongeza idadi, na 40 kati yao wakayeyuka! Ndipo ulipojengwa uzio wa maana. Sasa jamani, ikiwa kobe wa kisiwani, wanaojulikana dunia nzima, waliweza kuibwa kiasi kile, wale wa porini Dodoma au Kitui nani anawahesabu?

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Kuna kobe mmoja mdogo, bapa kama chapati, gamba lake linabonyea, anajificha kwenye nyufa za miamba. Anapatikana Kenya, Tanzania na kipande kidogo cha kaskazini mwa Zambia, basi, hakuna pengine duniani. Jike kwa kawaida hutaga yai moja moja. Kwa wakusanyaji wa Asia, Ulaya na Marekani huyu ni dhahabu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia kwenye Kiambatisho cha I, yaani biashara ya kimataifa ya waliotoka porini ni marufuku. Kwa kiumbe wa kundi hilo lazima kiwepo kibali cha nchi anakotoka NA cha nchi anakokwenda.

Je, biashara ilikufa? Septemba 2025 Thailand iliikabidhi Tanzania kobe wachanga 116 waliokamatwa uwanja wa ndege wa Bangkok ndani ya mizigo ya raia wa Ukraine. Walirudishwa kama vielelezo vya kesi, na wengi wao walikuwa wameshakufa. Hao hawakupitia dirisha la vibali.

Sisi tuna kumbukumbu za aina hii. Novemba 2010 twiga wanne walipandishwa ndege KIA kwenda Qatar. Mwaka 2016 tumbili 61 walinaswa KIA safari ya Albania, serikali ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 likatoka tangazo la kuruhusu wafanyabiashara wamalizie wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapiga kelele, na kabla mate hayajakauka Waziri Pindi Chana akasitisha. Fungua, funga, fungua, funga.

Mimi sisemi sheria ni kali mno. Kobe anachukua miaka mingi kukomaa, ukiwazoa wakubwa leo pengo halizibwi kesho. Ninachosema ni kwamba kibali kimegeuka kitu cha wajuzi. Mfanyabiashara mkubwa ana wakili, anajua kanuni za mwaka 2020 za bustani na mashamba ya wanyamapori, anajua kuandika kwamba kobe wake "wamezaliwa kizimbani". Maneno hayo mawili ndiyo mlango wa uani duniani kote: mnyama wa porini anasafishwa kwa karatasi. Kwa kobe anayetaga yai moja moja, mtu akidai shamba lake limetoa mamia kwa mwaka, afisa anatakiwa aulize majike wako wangapi kabla ya kugonga muhuri. Mwanakijiji yeye hana wakili wala karatasi. Ana kobe tu.

Na kibali hakipimi mapenzi. Hakiulizi unamlisha vizuri au la. Kinauliza ametoka wapi. Ukiweza kujibu hilo kwa maandishi uko salama, usipoweza una kesi, hata kama umemtunza miaka 15.

Wabeba boksi wa ughaibuni msijione mko nje ya hili. Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe au kasa wa kufuga mwenye gamba chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua salmonella. Tangu mwaka 2000 wamezuia kuingiza kobe wetu wa madoa, wakihofia kupe wanaobeba ugonjwa wa mifugo. Uingereza aina kadhaa haziuzwi bila cheti. Kwa hiyo shangazi asikupe "zawadi ya nyumbani" ukaifungasha kwenye begi.

Na tusichanganye kobe na kasa. Kasa wote wa baharini wako Kiambatisho cha I, na huku kwetu kuwavua ni kosa la uvuvi. Hakuna cha kumweka kwenye beseni nyumbani. Nyama yake nayo inaweza kuua, Pemba wanajua: Machi 2024 watu 9 walikufa kisiwa cha Panza, 8 kati yao watoto.

Nini kifanyike? Kwanza, tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria Tanzania, basi sheria hii na kanuni zake zibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji na mitaa. Pili, liwekwe dirisha la muda maalumu: mwenye kobe amlete kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA bila kukamatwa. Bila hivyo mtu akishtuka atamtupa kobe mbali na alikotoka, na pengine akawaambukiza maradhi wa huko, au atamuuza kwa wa kwanza anayekuja na pesa. Tatu, orodha ya waliopewa vibali iwekwe wazi. Mali ni ya umma, umma una haki ya kujua nani kapewa, wangapi, na wako wapi.

Kobe kainama muda mrefu, sheria keshaitunga. Aliyebaki kuisoma ni sisi. Wadau, mnasemaje? Kwenu kuna kobe uani? Na mliwahi kuambiwa anahitaji kibali?