Jurnalie wa Kampemba, Tuziandike Siku Zetu

Ndugu zangu wa Kampemba, wa Bel-Air na Bongonga, wa Kigoma na Kafubu, nanyi nyote mnaoondoka majumbani kabla jua halijachomoza ili muwahi malango ya viwanda vya Quartier Industriel, nawaandikia kwa sababu ya jambo nililolishuhudia majuzi mbele ya lango mojawapo, ambalo moyo wangu umekataa kulinyamazia. Mtu mzima, baba wa watoto, ambaye mkono wake wa kulia ulinaswa na mkanda wa mashine akapoteza vidole viwili, alikuja na bendeji iliyokwisha kushika vumbi jekundu kuuliza ni nani atakayelipa deni la hospitali, na karani, bila kunyanyuka kitini, akampitishia dirishani karatasi yenye sahihi ya majeruhi mwenyewe, akamwambia: «Papa, weye hauko mutumishi wetu, uko prestatere.»

Basi mtu yule aliyeingia kazini kwa saa iliyopangwa na kapita, akavaa ovaroli yenye jina la kiwanda, akaendesha mashine ya kiwanda, akaenda kula bukari kwa filimbi ya kiwanda na kurudi kwa filimbi iyo hiyo, aligeuzwa kwa kalamu kuwa mfanya biashara huru aliyekuja kuuza huduma zake. Na kwa hiyo ajali ikawa yake, matibabu yakawa yake, na njaa ya nyumbani kwake ikawa yake.

Sababu za mambo haya hazihitaji maelezo marefu: kazi ni haba, vijana ni wengi, na mwajiri asiyemwandikisha mtu wake katika CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, hubakiza mfukoni asilimia 13 ya mshahara ambayo ni wajibu wake kuitoa.

Wala hila hii si ngeni kwetu. Bourse du Travail du Katanga iliyoundwa mwaka 1910 iliwakusanya babu zetu vijijini ili wakafanye kazi katika migodi ya Union Minière, hata mtu akawa ameajiriwa na mkono mmoja na kutumikishwa na mwingine. Baadaye vizazi vilivyofuata vikaonja posho, shule na hospitali za kampuni. Na ilipofika mwaka 2003, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na wengi wa wana wao ndio leo wanaosimama malangoni. Mashirika ya RAID na CAJJ yalipochunguza migodi 5 mikubwa ya kobalti ya nchi yetu, yalieleza katika ripoti ya Novemba 2021 kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kwa kupitia wakandarasi wadogo. Yaliyozoeleka migodini yamekwisha kuingia katika vinu vya unga, maghala na karakana za mjini, na nachelea kwamba yataingia hata katika madarasa.

Lakini sheria haikulala. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtambua mfanyakazi kwa jambo moja, nalo ni kutoa kazi yake kwa ujira chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Haimtambui kwa kichwa cha karatasi aliyotia sahihi. Kuandika «chumvi» juu ya gunia la unga hakuugeuzi unga. Kifungu cha 40 chasema kwamba jurnalie, yaani kibarua wa siku, aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Kifungu cha 44 chasema kwamba pasipo maandishi mkataba hudhaniwa kuwa wa muda usio na kikomo hata ithibitike vinginevyo. Na kifungu cha 63 kinamruhusu hakimu kumtoza mwajiri aliyemfukuza mtu bila sababu ya haki fidia ifikayo mshahara wa miezi 36. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika pendekezo lake namba 198 la mwaka 2006, limezihimiza serikali ziangalie hali halisi ya kazi kuliko maneno ya mkataba.

Basi ni nani wa kulaumiwa? Namlaumu tajiri ambaye, baada ya kushiba jasho la watu, anawakana siku ya damu. Namlaumu mwanasheria aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo wake, ambaye leo anaiuza elimu ile kwa kuandika mikataba ya hiana. Namlaumu kila mwenye madaraka apitaye kiwandani, akaona ovaroli mia na majina kumi katika daftari la mishahara, akatoka kama hakuona. Hii ni dhuluma, na kuistahimili kumekwisha kutugharimu viungo vya miili yetu.

Dhuluma hii inaishi kwa sababu kila mtu husimama langoni peke yake. Kwa hiyo nawasihi, kila mmoja awe na daftari la shule, na kila jioni aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la kapita, na fedha alizopokea. Na wenzake wawili watie sahihi chini yake. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe. Piga picha ya kadi ya lango, ya ovaroli, ya ubao wa zamu. Usifute ujumbe wa simu uliokuita kazini. Karatasi ya Kifaransa usiyoielewa usiitie sahihi siku ile ile: omba ulale nayo, uipeleke kwa mwalimu wa mtaani. Kanisani na msikitini, katika likelemba na vyama vya akina mama, tuzungumze mambo haya bila hofu, tusaidiane kadiri ya uwezo wetu. Na nyinyi wenye karakana ndogo, majirani zetu, msiige hila za wakubwa, kwani mahakama itawakuta nanyi, na deni la CNSS pamoja na faini zake litawafilisi kabla yao.

Kisha twendeni kwa Inspekta wa Kazi, si mmoja mmoja bali kumi kumi, daftari mikononi, kwa maana Mahakama ya Kazi haipokei shauri lisilopitia kwanza usuluhishi wa Inspekta huyo. Wala tusikawie: dai la mshahara hufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipostahili kulipwa. Wewe uliyedhulumiwa mwaka jana ukanyamaza kwa kutegemea kwamba utaitwa tena kazini, muda wako unakatika hivi usomapo. Mtafute leo mwenzako wa zamu ile, mkaandike pamoja siku mnazozikumbuka, na Jumatatu asubuhi mwende.