Kilichoibomoa Ma'angwatay

Katika hadithi za kubuni wanazozipenda watoto wetu, himaya kubwa huangushwa na majoka na wachawi. Wairaqw wa Mbulu wanacho kisa kisicho na joka.

Masimulizi yao husema kwamba zamani wahenga waliishi Ma'angwatay chini ya kiongozi wao, Haymu Tipe. Vijana wenye kiu ya vita wakamteka mwanawe wa pekee, wakamficha msituni, wakaapa kumwua endapo baba hatawatafutia adui. Mzee akawaita Wabarabaig waje kupigana nao. Vijana wengi wakauawa. Haymu Tipe akakimbia na mwanawe, na Ma'angwatay ikabaki jina tu.

Kisa kingine kimeandikwa kwa mawe. Huko Engaruka, kaskazini ya Mbulu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wakulima walijenga mifereji na matuta ya mawe tangu karne ya 15. Katika karne ya 18 wakahama. Wataalamu wengi hutaja kupungua kwa maji ya vijito.

Basi makao ya watu hufa maji yanapokauka, na hufa pia wazee na vijana wanaposhindwa kusikilizana. Ukame una nyakati za kutushinda. Lakini huo ufa wa pili huanzia nyumbani, nao usipozibwa tutajenga ukuta. Je, kijana wako anazitumia wapi nguvu zake? Keti naye jioni ya leo umwulize, kabla hajaanza kutafuta adui.